Barua na Daftari za Siku: Jinsi Zinavyoshuhudia Historia

Historia ya nchi huandikwa kwa kutumia maandiko ya namna mbili. Namna ya kwanza ni maandiko yaliyokusudiwa kuonwa na watu wote: sheria, mikataba, taarifa za serikali, na vitabu vilivyopigwa chapa. Namna ya pili ni yale ambayo mtu alimwandikia mtu mmoja, au alijiandikia nafsi yake: barua, hesabu za nyumbani, na daftari ya kila siku ambayo huitwa shajara. Maandiko ya kwanza hutuambia mambo ambayo wakubwa walitaka yajulikane. Ya pili hutuambia, mara nyingi, mambo ambayo mwandishi hakudhani kwamba yatatafutwa na mtu yeyote: bei ya mtama, jina la mtoto mgonjwa, hofu ya mvua kuchelewa, deni ambalo halijalipwa. Kwa sababu hiyo barua ni shahidi wa namna ya pekee, maana yashuhudia pasipo kujua kwamba imeitwa barazani.

Nia ya makala haya ni kueleza jinsi ushahidi huo usomwavyo, na kwa nini walimu na makasisi wapaswa kuushughulikia sasa, wakati desturi yenyewe ya kuandikiana barua inapofifia.

Sisi tulio katika kazi ya Kanisa hatuhitaji kuthibitishiwa thamani ya barua. Katika vitabu 27 vya Agano Jipya, 21 ni nyaraka. Waraka kwa Filemoni una aya 25 tu, na jambo lake ni la nyumbani: mtumwa aitwaye Onesimo anarudishwa kwa bwana wake. Walakini mtu aandikaye historia ya utumwa katika dola ya Warumi, au ya makanisa yaliyokutana nyumbani mwa watu, hawezi kuupita. Tena mwishoni mwa Waraka kwa Warumi twakuta salamu za Tertio, ambaye ndiye aliyeshika kalamu wakati Paulo alipokuwa akisema. Hapo tunapata fundisho la kwanza: barua yaweza kuwa na mikono zaidi ya mmoja. Yuko mwenye maneno, yuko mwandishi, yuko mchukuzi, na mara nyingi yuko msomaji anayemsomea yule asiyejua kusoma.

Katika pwani yetu desturi ya kuandikiana ni ya kale. Miongoni mwa maandiko ya Kiswahili yaliyo ya zamani kabisa katika hayo yaliyobaki ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na watu waliofungamana nao. Barua hizo zimehifadhiwa Goa, katika Bara Hindi. Msomaji aweza kuuliza, Je, kwa nini barua za Kilwa zisionekane Kilwa, bali zionekane ng'ambo ya bahari? Jibu ni kwamba Goa palikuwa makao makuu ya utawala wa Wareno katika bahari hii, na makarani wao walikuwa na desturi ya kuweka karatasi. Basi fundisho la pili ni hili: zilizotufikia si barua zote zilizoandikwa, wala si lazima ziwe zile zilizokuwa bora, ni zile zilizopata mtunzaji. Asomaye hana budi kukumbuka daima zile ambazo hazikutunzwa.

Mtu atakaye kuzisoma barua za zamani imempasa kwanza kujua umbo lake. Waswahili wamesema tangu kale kwamba barua ni nusu ya kuonana. Nayo iliandikwa kwa adabu ile ile ya watu wanaoonana. Juu kabisa lilitangulia jina la Mungu. Kisha aliyeandikiwa alitajwa kwa maneno ya heshima, kama vile ila jenabi, yaani kwa mtukufu, na baada yake sheikh, au ndugu, au mpenzi, kila mtu kwa cheo chake. Zikafuata salamu. Baada yake neno ama baada liligawa salamu na shauri lenyewe, na hapo ndipo zilipoelezwa habari. Mwisho zilikuja salamu za jamaa, jina baada ya jina, kisha wasalaam, na jina la mwandishi, na tarehe, ambayo kwa kawaida ilihesabiwa kwa miaka ya Hijra. Mwaka 1892 mmisionari Mjerumani C. G. Büttner alipiga chapa mkusanyo wa maandiko ya Kiswahili ya herufi za Kiarabu, pamoja na barua. Mwenye kutaka mifano ya desturi hiyo ataiona humo.

Kila sehemu ya umbo hili ina faida yake kwa mwenye kutafuta historia, na kila moja ina hatari yake. Maneno ya heshima huonyesha nani alikuwa juu na nani alikuwa chini. Lakini yule asiyejua desturi aweza kudhani kwamba mwandishi alimpenda sana mtu ambaye kwa kweli walikuwa katika daawa ya shamba. Vivyo hivyo maneno ya hali. Mwandishi husema kwamba wao huku ni wazima, hawana neno ila la salama. Kisha, mistari miwili baadaye, hutoa habari ya msiba. Hasemi uongo. Ndiyo adabu ya salamu, kama vile mtu aulizwapo habari za nyumbani hujibu kwamba ni njema, ndipo aongeze neno ila, na baada ya ila ndipo lilipo jambo lenyewe. Kwa hiyo asomaye barua za Kiswahili aiangalie sana ila. Na zile salamu za mwisho, ambazo wengi huziruka kwa kuona ni majina matupu, ndizo ramani ya ukoo: humo twaona nani walikaa pamoja, nani alikuwa ametajwa mwaka jana na mwaka huu hatajwi tena.

Hati yenyewe pia yataka uangalifu. Herufi za Kiarabu, kama zilivyotumiwa na wengi zamani, hazikutenga e na i, wala o na u; tena herufi ya b iliweza kusimama mahali pa p na mahali pa mb. Basi neno moja lililoandikwa laweza kusomwa kupa, au kopa, au kumba, au komba. Mwenye kuandikiwa hakuona taabu, maana alilijua shauri. Lakini mjukuu wake, aliyefundishwa herufi za Kirumi shuleni, aweza kuishika barua ya babu yake asiweze kujua kama babu alipewa fedha au alikopa. Hili si jambo dogo. Wako watu walio na karatasi za wazee wao ndani ya sanduku, nao hawawezi kuzisoma, ijapokuwa lugha yake ni lugha wanayoisema kila siku.

Fundisho la tatu lahusu wale ambao kalamu haikuwafikia. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1844, ameeleza katika kitabu chake kwamba mabinti wa nyumba yake walifundishwa kusoma lakini si kuandika. Yeye alijifunza kwa siri, akiiga herufi za Korani juu ya mfupa wa bega la ngamia, uliotumika kama ubao. Elimu hiyo haikubaki mchezo. Mwaka 1859, Barghash alipofanya shauri la kumpindua ndugu yake Majid, ni Salme ndiye aliyeandika barua za shauri lile, kwa kuwa aliweza kuandika na alikuwa ndani ya nyumba; naye alikuwa na umri wa miaka kama 15 tu. Baadaye alikwenda Ulaya, akaolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete. Mwaka 1886 alitoa kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani. Na zaidi ya kitabu hicho aliacha maandiko mengine yaliyofanywa kwa umbo la barua za kumwelekea rafiki wa nyumbani, ambayo hayakupigwa chapa ila baada ya kufa kwake mwaka 1924. Kwa mmoja huyu aliyejifunza kwa siri, twapaswa kuwakumbuka wengi ambao hawakujifunza. Kama barua za zamani hazina sauti ya wanawake, au ya watumwa, au ya wakulima, si kwa sababu hawakuwa na la kusema.

Sasa tutazame shajara. Tofauti yake na kitabu cha kumbukumbu ni kwamba shajara haijui kesho. Mtu aandikaye maisha yake akiwa mzee anajua mambo yalivyokwisha, naye huyapanga ya kwanza yaelekee ya mwisho. Lakini Askofu James Hannington, alipofungwa katika nchi ya Busoga mwaka 1885, aliandika siku kwa siku pasipo kujua litakalotokea. Tarehe 29 Oktoba aliandika kwamba hakusikia habari yoyote, na kwamba alitiwa nguvu na Zaburi ya 30. Siku ile ile aliuawa. Daftari ilipatikana baadaye. Hakuna mwandishi wa historia awezaye kutuonyesha kungoja kule kama ionyeshavyo daftari yenyewe, kwa sababu sisi sote tunaokisoma kisa hicho tayari tunajua mwisho wake.

Hata hivyo shajara nayo yaweza kugeuzwa, na mfano ulio wazi ni wa Dr. Livingstone. Mwaka 1871 alikuwa Nyangwe, penye mto Lualaba, katika nchi ambayo leo ni Kongo. Karatasi zilikuwa zimemwishia, na wino pia. Akaandika juu ya kurasa za gazeti la zamani la The Standard, akikata mistari yake kuvuka maandishi ya chapa, kwa wino alioufanya mwenyewe kwa matunda ya miti. Tarehe 15 Julai aliona kwa macho yake watu wenye bunduki wakiwapiga watu sokoni, wakafa mamia, wengi wao wanawake. Baadaye, alipopata karatasi njema, alinakili habari hizo katika daftari kubwa. Na baada ya kufa kwake rafiki yake Horace Waller aliziandaa zikapigwa chapa mwaka 1874. Kwa muda wa zaidi ya miaka 130 wasomaji walikijua kile kitabu cha chapa tu, maana ule wino wa matunda ulikuwa umefifia hata hausomeki. Mwaka 2011 wataalamu walitangaza kwamba wameyasoma tena maandishi yale, kwa kuzipiga picha kurasa zake kwa mianga ya rangi mbalimbali. Walipolinganisha, waliona kwamba shajara ya kwanza na nakala iliyofuata hazilingani katika kila jambo, hasa katika habari za mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe. Mtu aliyeandika siku ile ile hakuandika sawasawa na mtu yule yule aliyeandika baada ya miezi. Basi asomaye na aulize daima: Jambo hili liliandikwa siku ngapi baada ya kutokea, na nani ameligusa tangu hapo?

Katika msafara wa mwisho wa Livingstone alikuwamo Jacob Wainwright, Myao aliyesomeshwa katika shule ya Church Missionary Society karibu na Nasik, Bara Hindi. Livingstone alipokufa mwaka 1873, Wainwright alichonga maneno katika mti pale Chitambo, akaandika shajara ya safari ya kuuchukua mwili hata pwani. Habari za Susi na Chuma tumezipata kwa kalamu ya Waller, kwa kuwa wao walisimulia na yeye akaandika. Habari za Wainwright aliziandika kwa mkono wake. Andiko hilo lipo hata leo katika makumbusho ya Livingstone huko Blantyre, Uskoti. Ni daftari ndogo, lakini ndani yake Mwafrika wa msafara hasemewi, bali asema mwenyewe.

Kwa muhtasari, mwenye kusoma maandiko ya namna hii na ajiulize maswali sita. Nani asema? Asema na nani? Mkono ulioandika ni wa nani? Liliandikwa lini, ukilinganisha na siku ya jambo? Nani aliyelitunza, na kwa faida gani? Na mwisho, ni jambo gani ambalo halikutajwa, nalo lingetazamiwa kutajwa? Swali hili la sita lina maana kubwa. Askari wa Afrika ya Mashariki waliopelekwa Abyssinia, Madagaska na Burma katika vita vya 1939 hata 1945 waliandika barua nyumbani, nazo zilipita mikononi mwa wakaguzi wa jeshi. Ikiwa barua ya askari haitaji mahali alipo wala mapigano, si kwamba hakuona kitu, alikatazwa. Kunyamaza kwake ni habari pia.

Barua iliwafikia watu wengi kwa njia mbili zilizokwenda pamoja, shule na posta. Uingereza ilitoa stempu ya kwanza ya kubandika mwaka 1840, na mapatano ya posta ya mataifa yalifanyika Bern mwaka 1874. Huko Uganda mwaka 1895 Padre Ernest Millar wa C.M.S. alizitengeneza stempu za kwanza za nchi ile kwa mashine yake ya kuandikia, na bei iliyopigwa juu yake ilikuwa ya kauri, kwa maana kauri ndizo zilizokuwa fedha ya watu. Baadaye, vijana walipokwenda kazi za mbali, katika mashamba ya mkonge, katika migodi na katika reli, barua ikawa uzi uliowaunganisha na nyumbani. Mwalimu wa kijiji na katekista waliisomea jamaa barua hizo, wakaandika na majibu. Wengi walijitahidi kujifunza kusoma si kwa ajili ya vitabu, bali wapate kusoma barua zao wenyewe pasipo jirani kujua siri zao.

Desturi hiyo sasa inapungua sana, wala si kwa sababu watu hawajui kuandika. Wajuao ni wengi kuliko zamani. Simu ya mkononi imechukua mahali pake. Zamani mtu aliyepeleka fedha nyumbani kwa hawala ya posta alitia na barua ya kueleza matumizi yake. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na nyingine mfano wake katika nchi jirani, fedha hufika kwa dakika moja na maneno hayahitajiki. Ulaya hali ni ile ile. Denmark, ambako kazi ya posta ilianza mwaka 1624, shirika la PostNord liliacha kupeleka barua mwishoni mwa mwaka 2025, kwa kuwa hesabu yake ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu mwaka 2000, na kazi ikaachiwa kampuni nyingine. Katika shule zetu barua ya kirafiki ingali inafundishwa, lakini mtoto huiandika kwa ajili ya mtihani, humwandikia rafiki asiyekuwako, wala haipelekwi popote.

Tusiwe watu wa kulaumu kila jambo jipya. Ujumbe wa simu nao ni maandiko ya mtu binafsi, na huenda watu hawajapata kuandikiana mara nyingi kama sasa. Bibi asiyejua kusoma aweza kumpelekea mjukuu wake sauti yake mwenyewe, asimhitaji mwandishi wala msomaji. Hiyo ni haki ambayo barua haikumpa. Tatizo ni utunzaji. Karatasi hudumu hata ikisahauliwa; ikitupwa sandukuni miaka 60 yaweza kufunguliwa ikasomwa. Ujumbe wa simu haudumu ukisahauliwa. Simu ikiibwa, au ikianguka majini, au mwenyewe akifa na neno lake la siri, maneno yote huenda pamoja nayo. Tena ujumbe hukatwa vipande vipande. Mtu haketi tena kukusanya habari za miezi mitatu, kuzipima, na kuchagua ipi itangulie. Na zile salamu za jamaa, jina baada ya jina, ndizo zilizotangulia kutoweka. Hivyo huenda mwandishi wa historia wa siku zijazo akazijua nyumba za watu wa mwaka 1950 kuliko nyumba zetu.

Kuna kazi ambayo mwalimu na kasisi wanaweza kuifanya pasipo gharama kubwa. Katika makabati ya misheni na ya parokia zimo barua za wakatekista, za wazee wa Kanisa, na daftari za shule za zamani. Ziwekwe mahali pakavu, mbali na sakafu na ukuta, zisipate mchwa. Zisigandishwe kwa gundi wala kwa utepe wa kunata, maana huharibu karatasi. Bahasha isitupwe, kwa kuwa muhuri wa posta huonyesha mahali na siku, hata mwandishi asipotaja. Maelezo yaandikwe kwa penseli, si kwa wino. Barua za watu zisitangazwe pasipo idhini ya wenyewe au ya warithi wao, na mambo ya siri ya roho yabaki siri. Mwenye jumbe za simu za maana, kama za mzazi aliyefariki, azinakili kwa mkono katika daftari, atie na tarehe. Kila mwalimu aweza kuagiza watoto wa darasa lake wamwandikie babu au bibi barua ya kweli, ipelekwe, na jibu lililetwe darasani. Na kila parokia na iwe na kitabu cha habari za siku, ambamo huandikwa mvua, magonjwa, bei za vyakula na misiba. Maana mali bila daftari hupotea bila habari, na mambo ya watu ni vivyo hivyo.

Lakini liko moja lisiloweza kungoja. Barua ya zamani hutaja watu kwa majina mafupi, au kwa udugu tu: mama Fulani, yule wa ng'ambo, mtoto wetu mdogo. Karatasi yaweza kungoja miaka mingi. Wale wanaojua hao walikuwa nani hawangojei. Kwa hiyo mwenye kupewa sanduku la barua asianze kwa kulifunga vizuri na kuliandikia namba. Alichukue kwa mzee aliye hai, amsomee zile salamu za mwisho polepole, na kila jina litajwapo aulize, Huyu ni nani?